Athanasie Aliyeshukuru kwa Majina

Katika habari hii nitaandika majina ya watu kama walivyopewa kwenye maji ya ubatizo. Athanasie nitamwandika Athanasie, Zéphirin nitamwandika Zéphirin. Sheria inayoyakataza bado ipo, najua. Atakayekasirika akasirike. Maisha ya msichana huyu hayasimuliki kwa majina ya kwenye kadi, kwa sababu yeye mwenyewe alikataa, na kukataa kwake ndiko ninakotaka kusimulia.

Watu wakisikia neno mumisionere wanaona mzungu mwenye ndevu na pikipiki. Athanasie alikuwa msichana mwembamba wa milima ya upande wa Bunagana, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Misioni ilimtuma kwetu Goma atumike miaka miwili katika shapeli yetu, kanisa dogo la mbao, afundishe watoto katekisimu na kutazama wagonjwa. Alifika mwanzoni mwa mwaka 1972, amekaa juu ya magunia ya maharage katika kamyo ya mizigo iliyotoka Rutshuru. Akashuka, akapiga hatua chache, akaanguka.

Mtaa wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano, meusi, yenye meno. Mtu wa milimani hutembea akitazama mbele, lakini kwetu unatembea ukitazama chini. Goti lake lilitoka damu. Akainuka, akaona watu wanacheka, akacheka nao.

"Munalima wapi ku hii mawe?" akauliza.

"Hatulimi, madimwazeli," mmoja akamjibu. "Tunauza, tunanunua."

"Basi mutanifundisha kununua. Kulima najua tayari."

Tangu siku hiyo jina la madimwazeli, la msichana asiyeolewa, likambaki, hata baada ya serikali kusema kila mwanamke aitwe sitwayeni, yaani mwananchi.

Hakuwa na mshahara. Alikula tulichompa, na siku ambayo hatukumpa alikunywa maji. Asubuhi, kabla jua halijatoka nyuma ya milima, alishuka ziwani kuteka maji pamoja na Julienne Kahambu, mama wa kabila la Wanande aliyeuza makala, yaani makaa, jirani na shapeli. Kushuka ni rahisi, bidoni ya maji ni tupu na maneno ni mengi. Kupanda ni kazi nyingine. Siku za kwanza Athanasie alimwaga nusu ya maji njiani, Julienne akamtania, "Wewe unanyweshea mawe. Unafikiri itaota viazi?" Baada ya miezi michache alipanda na bidoni kichwani bila kuishika, huku akimjibu Julienne matani yake yote.

Kisha watoto. Aliwaketisha nyuma ya shapeli juu ya mbao nilizomwachia, akawafundisha sala na kusoma. Mchana alizunguka kwa wagonjwa. Kulikuwa na mzee mmoja aliyepooza, watoto wake walikuwa wamekwenda Uganda na hawakurudi. Athanasie alimwosha, akamgeuza, akamsimulia habari za mtaa. Mzee alikuwa akimtukana kila siku kwamba maji ni ya baridi. "Aksanti, muzee," alijibu, "kesho nitaweka ku moto," na kesho yake yalikuwa ya moto, mzee akatukana kwamba yanachoma.

Nyumbani kwao alipakumbuka sana. Hakusema, lakini nilimwona. Kamyo za Rutshuru ziliposimama barabarani kushusha magunia, alikuwa akipita karibu na kupangusa kwa kidole udongo mweusi ulioshika kwenye magunia. Alitazama kile kidole, kisha akaendelea na safari yake.

Jambo lake kubwa lilikuwa la jioni. Sala ilipokwisha, kabla watu hawajatoka, alisimama mbele na kushukuru. Mtu mwingine husema Mungu asante kwa yote, amina, akaenda kula. Yeye hapana. Alishukuru kitu kimoja kimoja na mtu mmoja mmoja, kwa jina lake la ubatizo, kwa sauti yake ile ya milimani ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Mungu, aksanti juu ya Julienne, amenichekesha ku njia mpaka nikasahau uzito ya bidoni. Aksanti juu ya Valérie, amenipa sombe, na tumbo yake ni kubwa, angeweza kula yote yeye mwenyewe. Aksanti juu ya Adalbert, fundi wa mbao, ametengeneza mulango yangu bila kusema hata neno moja."

Watu wakacheka na kugeuka kunitazama. Adalbert ni mimi. Nilitazama viatu vyangu mpaka wote walipotoka. Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu, na sikupenda kutazamwa. Lakini nitasema ukweli: tangu nibatizwe hakuna aliyekuwa amelitaja jina langu ndani ya kanisa. Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa. Wengine pia walirudi. Shapeli iliyokuwa na wazee wachache ikajaa, na mtu aliyekuwa na kipande cha samaki alimpelekea nusu, si kwa kutaka sifa, bali kwa sababu ni vizuri kujua kwamba jina lako limefika juu.

Ndipo ikaja sheria ya majina. Redio ilisema majina ya kizungu yamekwisha, kila mtu achukue jina la babu zake. Tulibadilisha kadi zetu. Tulisikia kwamba padri atakayebatiza mtoto kwa jina la kigeni atafungwa. Hakuna aliyetaka kufungwa kwa ajili ya jina, basi ofisini tukawa watu wengine.

Shefu wa kartie, yaani mkubwa wa mtaa wetu, aliitwa Ntirenganya. Alikuwa amebatizwa Télesphore, na miaka ya nyuma aliongoza nyimbo katika shapeli hiyo hiyo. Sasa alivaa abakosi, koti la wakubwa wa serikali lisilo na tai, akawa mtu wa kwanza katika mtaa kulitupa jina lake, na ukimwita Télesphore barabarani alipita kama kiziwi. Katika kila mkutano alituhubiria desturi za babu zetu. Alipopata habari za sala ya jioni, alikuja mwenyewe, akamkuta Athanasie anafua uani.

"Sitwayeni, unasikilizaka redio?"

"Sina redio, shefu."

"Basi mimi ndiye redio. Majina ya wazungu imekwisha."

"Sasa Mungu nimuambie nini? Aksanti juu ya mutu fulani?"

"Kila mutu iko na jina ya babu yake. Sema ile."

"Nayo ni nzuri. Nitasema zote mbili."

"Moja!"

"Aksanti, shefu."

"Aksanti ya nini? Sijakupa kitu."

"Umekuja mwenyewe. Mwingine angetuma askari."

Shefu alitazama kama anataka kucheka, kisha akakumbuka abakosi yake, akaondoka. Jioni ile Athanasie alishukuru kwa majina kama kawaida, na kwa sauti ile ile.

Hata padri alikuja kumshauri. Nilikuwa napiga misumari kwenye dirisha, nikasikia. "Binti yangu," alisema polepole, "Mungu anawajua watu wake. Tumia jina moja tu, la nyumbani. Wakitufungia shapeli tutafanya nini?"

"Padri, Mungu anawajua, ni kweli," Athanasie akajibu. "Lakini wao hawajui kama anawajua. Niliwaambia jina ya ubatizo haifutike. Nikianza kuificha, watasema nilikuwa nawadanganya."

Padri akamwekea mkono kichwani, akaenda zake. Hakumkataza. Hakumruhusu pia.

Shefu alipoona haogopi, akasema neno lake mbele ya watu, siku ya salongo, wakati mtaa mzima ulikuwa barabarani kwa ile kazi ya lazima ya Jumamosi. "Sitwayeni huyu wa shapeli, nikisikia tena jina moja ya kizungu ku kinywa yake mbele ya watu, namupandisha ku kamyo ya Rutshuru, na shapeli nafunga."

Sasa mambo yalikuwa wazi. Hapakuwa na mtu wa kuja badala yake. Na msichana wa misioni aliyerudishwa kwao juu ya magunia kabla ya muda wake, nani milimani atauliza sababu? Watasema tu amefukuzwa Goma, na kila mtu atajaza mwenyewe yaliyobaki. Athanasie alijua. Nilimwona siku zile akiwa amenyamaza njiani, na Julienne akimtania bila kujibiwa. Lakini jioni ilipofika, alifunga mlango wa shapeli, akashukuru ndani. Hiyo pekee ndiyo hatua aliyorudi nyuma, na ilimuuma. "Ninashukuru sawa vile mwizi," alimwambia Julienne.

Wakati huo Valérie alizaa mtoto wa kiume. Mume wake Zéphirin ni mtu wa milima ya Masisi, na mama yake Zéphirin, bibi Mukamugema, alishuka kutoka huko kwa ajili ya siku ya nane. Kwao, mzazi hukaa ndani na mtoto mpaka siku hiyo, kisha wanatoka, na watoto wa jirani wanaitwa. Watoto hupewa vijembe vidogo walime kidogo, halafu wanakula chakula chao peke yao kwenye mkeka, na kila mtoto aliyekula anamtajia mtoto mchanga jina. Jioni baba hutoa jina lake, nalo ndilo linalobaki. Lakini watoto wanatangulia.

Shefu aliitwa, maana shefu haachwi. Tena alifurahi kuitwa, hii ilikuwa desturi ya babu hasa. Alipewa kiti. Julienne alimwomba Athanasie asiende. "Utateleza mbele yake. Bakia nyumbani, sema unaumwa."

"Siumwi," alisema Athanasie, akaenda.

Kwetu hakuna cha kulima. Watoto walipewa vijiti, wakakwaruza kokoto za uani kwa bidii kama wanatafuta pesa. Bibi Mukamugema akatoka na kikombe cha maji, akawanyunyizia vichwani. "Mvua! Mvua inanyesha! Mukimbie ku nyumba!" Wakakimbia kwa kelele hadi kwenye mkeka, wakapewa maharage yaliyochanganywa na majani, na maziwa ya kuganda. Walikula kwa mikono, wakapaka mashavu. Kisha bibi akamleta mtoto mchanga.

"Huyu jina yake nani?"

"Kamyo!" akasema mmoja. "Juu analia kwa nguvu."

"Makala!"

"Muzee, juu hana meno!"

Watu wazima wakashika mbavu. Ikafika zamu ya msichana mdogo aitwaye Lucie, aliyekuwa akisoma kwa Athanasie. Akajipangusa maziwa mdomoni. "Mimi namuita Viateur. Sawa mujomba wangu."

Shefu akainuka kitini. "Hapana! Ile jina imekatazwa. Mutoto, taja ingine."

Lucie akaanza kulia. Bibi Mukamugema aligeuka polepole, na mtoto mchanga mkononi.

"Nani amefunga mutoto kinywa ku mukeka?"

"Bibi, ni sheria."

"Ya nani?"

"Ya serikali."

"Na hii ya mukeka ni ya nani? Si ya wale babu unaimbaka kila siku ku mukutano? Mutoto akisha kula hapa, anaita jina anataka, mukubwa ananyamaza. Ndivyo ilikuwa mbele baba yako hajazaliwa. Wewe ulikulia wapi, ku redio?"

Uani palilipuka kicheko. Shefu mwenyewe alikuwa mtu wa kabila moja na bibi, alikaa kwenye mkeka kama ule utotoni, na kila mtu alijua. Akakaa chini.

"Sawa," alisema. "Watoto waseme. Lakini watoto tu." Akamtazama Athanasie, aliyekuwa amesimama karibu na ukuta.

Bibi alifuata macho yake. "Na huyu, ameolewa?"

"Hapana, bibi," akajibu Valérie.

"Amezaa?"

"Hapana."

"Basi ni mutoto ya watu. Madimwazeli, kuja ukae."

Sijui kama huko Masisi msichana mkubwa namna ile huketi kweli na watoto. Nilimwuliza bibi siku nyingine, akanitazama tu. Athanasie alikuja, akavua viatu, akaketi kati ya Lucie na yule wa Kamyo. Akala kwa mkono kutoka sahani yao. Hakuna aliyecheka tena. Angeweza kutaja jina lolote la babu, watu wangepiga makofi, shefu angekunywa pombe yake, na yeye angemaliza miaka yake kwa amani. Julienne alikuwa anamwomba kwa macho. Mimi nilimwomba Mungu ampe woga kidogo.

Athanasie akameza.

"Mimi namuita Télesphore," alisema.

Julienne alifunika uso kwa mikono.

"Juu ya nani?" akauliza bibi, ambaye hakujua habari za mtaa wetu.

"Juu ya mutu mumoja iko hapa, bibi. Upepo uliondoa mabati ya shapeli, na yeye ndiye alitupatia watu wa kuirudisha, mbele sheria ya majina haijakuja. Ninashukuru watu wote kila jioni, yeye sijamushukuru hata mara moja kwa jina yake. Nilimuita shefu tu. Shefu ni kazi, haiko mutu. Nilikuwa namuogopa. Leo nimechoka kuogopa." Akainua uso, akamtazama. "Aksanti, Télesphore."

Habari ya mabati ilikuwa kweli, mimi nilikuwa juu ya paa siku ile na nyundo. Shefu aliinuka. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyemwagiwa maji. Akaondoka bila kugusa pombe yake. Jioni Zéphirin alimpa mtoto jina la babu yake, na ndilo lililoingia kwenye kadi. Lakini wale watoto wa mkekani hawajamwita jina lingine ila Télesphore mpaka leo, na sasa ni kijana mwenye sauti nzito.

Tulingoja kamyo. Jumatatu ilisimama barabarani, ikashusha mizigo, na shefu alikuwa pale. Athanasie alikuja mwenyewe, bila sanduku lake, akasimama mbele yake. Tulitoka wote milangoni.

"Utasema tena?" akauliza shefu.

"Nitasema. Na mulango ya shapeli nitafungua."

Dereva aliuliza kama kuna mtu wa kupanda. Shefu hakumjibu. Watu walisema baadaye kwamba alimhurumia. Mimi sisemi hivyo. Angempandisha, huko kwenye Zone, kwa wakubwa wake, wangemwuliza msichana alitaja jina gani, na jina lilikuwa la shefu mwenyewe. Tena wangesikia lilitajwa wapi, na kwamba yeye, mhubiri wa desturi, alitaka kuvunja mkeka wa watoto.

"Kila salongo," alisema mwisho, "wanawake wengine watafagia. Wewe utabeba mawe ya barabara, pamoja na wanaume. Mpaka siku utajifunza kunyamaza."

"Basi ni mpaka nimalize miaka yangu," alisema Athanasie. "Aksanti, shefu Télesphore."

Kamyo ikaondoka bila yeye. Alimaliza miaka yake yote, na kila Jumamosi alibeba mawe. Mawe yetu yanakata mikono kama kisu cha zamani. Nilimfungia vitambaa viganjani Jumamosi ya kwanza, sikusema neno. Akaweka jiwe kichwani, akaanza kupanda nasi barabarani, na alipofika katikati, mahali ambapo mtaa mzima unasikia, akafungua kinywa.

"Mungu, aksanti juu ya Zéphirin, amenichagulia jiwe ndogo!"

"Sitwayeni!" shefu akapaza sauti kutoka mbele. "Funga kinywa, beba mawe!"

"Ninabeba, shefu! Mawe iko ku kichwa. Kinywa haina kazi!"

Wanaume walicheka hadi mmoja akaangusha jiwe lake. Kisha Zéphirin, ambaye alikuwa ametajwa, akajibu kwa sauti kama mtu anayeitwa shuleni: "Niko!"

Athanasie aligeuza shingo chini ya jiwe, akatabasamu. "Aksanti juu ya Julienne, amechukua bidoni yangu leo!"

Julienne alikuwa kando ya njia na ufagio. "Niko!" alipiga kelele, na wanawake wote wakapiga kelele pamoja naye.

Shefu alirudi kwa hatua ndefu kuelekea kwetu. Hakuna aliyeshusha jiwe lake wala aliyeacha kutembea. "Aksanti juu ya Adalbert," akasema Athanasie, "amenifunga mikono." Barabara nzima ikanitazama, na shefu pia, amesimama karibu nami kiasi cha kunigusa.

"Niko," nilisema.

"Hatusikii!" wakapiga kelele watu wa nyuma.

"NIKO!" nikasema tena, nikampita shefu na jiwe langu begani.